Lugha Ndani ya Chaguo-Msingi: Historia ya Usanidi wa Taswira Hai za Mifumo Endeshi na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya taswira hai za mifumo endeshi kuanzia mwaka 1992, kwa lengo la kubainisha ni katika hatua gani ya uundaji wa taswira hizo ambapo lugha ya mtumiaji huamuliwa, na ni nani huiamua. Taswira hai ni faili moja ambalo likiandikwa kwenye CD au flashi huweza kuiwasha kompyuta na kuiendesha bila kutegemea mfumo uliomo katika diski kuu. Makala inadai kwamba lugha huingia au huachwa nje wakati wa usanidi, pale mjenzi anapochagua vifurushi, lugha ya kuanzia na kibodi. Kwa sababu hiyo tafsiri, hata ikiwa bora, haimfikii mtumiaji kama haikutajwa katika usanidi. Mifano imetolewa katika Knoppix, Ubuntu na Debian Live, na kulinganishwa na jitihada za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika kuswahilisha programu huria. Makala inahitimisha kwa kupendekeza kwamba taasisi za Kiswahili za kanda zimiliki na kutunza usanidi wenyewe, badala ya kuishia kwenye orodha za istilahi na tafsiri.

Maneno muhimu: taswira hai, usanidi, chaguo-msingi, programu huria, sera ya lugha, Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Kiswahili kimepata hadhi kubwa ya kisheria katika nchi jirani na kitovu chake cha asili. Rwanda ilikifanya kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2017. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia mwaka 2022 kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kwa mtazamo wa katiba, sheria na maazimio, lugha hii haijapata kuwa na nafasi pana kuliko sasa.

Hata hivyo, ipo sera nyingine ya lugha ambayo haijadiliwi bungeni wala haichapishwi katika gazeti la serikali. Sera hiyo imo katika mafaili mafupi ya maandishi ambayo mjenzi wa mfumo endeshi huyajaza kabla ya kuagiza mashine iunde taswira. Katika mafaili hayo, mstari mmoja hutaja lugha ambayo mfumo utaanza nayo, mwingine hutaja mpangilio wa kibodi, na orodha nyingine hutaja vifurushi vitakavyoingizwa. Mstari usipojazwa, thamani iliyowekwa na mwanzilishi wa zana ndiyo hutumika. Thamani hiyo huitwa chaguo-msingi. Mwanafunzi wa Kampala, Kigali au Bukavu anayewasha kompyuta ya maabara kwa flashi hukutana na uamuzi huo kabla hajagusa kitu chochote.

Watafiti wa lugha wameandika mengi kuhusu istilahi za kompyuta na kuhusu tafsiri ya menyu na vitufe. Hatua ya usanidi haijapewa uzito kama huo, kwa kuwa inaonekana ni kazi ya mafundi. Makala hii inaichukulia hatua hiyo kuwa sehemu ya historia ya lugha.

2.0 Taswira hai na namna inavyojengwa

Mfumo endeshi wa kawaida husakinishwa kwenye diski kuu na hubadilika kila siku: programu huongezwa, nyingine huondolewa, na lugha huweza kubadilishwa baadaye. Taswira hai hufuata njia tofauti. Mjenzi huandaa mfumo kamili kando, huusheheneza vifurushi anavyovitaka, kisha huubana wote kuwa faili moja lisiloandikika. Kompyuta ikiwashwa, kiini cha mfumo husoma faili hilo na kulifungua kidogo kidogo kadiri linavyohitajika. Mabadiliko ambayo mtumiaji huyafanya huhifadhiwa katika kumbukumbu ya muda, na mashine ikizimwa hupotea, isipokuwa pametengwa mahali pa kuyahifadhi.

Sifa hii ya kutoandikika ndiyo iliyoifanya taswira hai ipendwe katika maabara za shule, maktaba na vituo vya mafunzo. Watumiaji mia wanaweza kupita katika mashine moja, na kila asubuhi mfumo ukarudi kama ulivyotoka kwa mjenzi. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo inayoupa usanidi uzito wake. Lugha ambayo haikuwekwa ndani ya faili lililobanwa haiongezeki kwa wepesi baadaye, na ikiongezwa na mtumiaji mmoja hutoweka mashine inapozimwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Taswira hai ni samaki wa aina hiyo: baada ya kubanwa haikunjiki tena.

3.0 Kutoka Yggdrasil hadi Knoppix

Mwaka 1992 kampuni ya Yggdrasil, iliyoanzishwa na Adam Richter mjini Berkeley, Marekani, ilitoa mkusanyo wa Linux kwenye CD ambao uliweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye CD hiyo. Lilikuwa jambo jipya lakini gumu kutumika. Visomeo vya CD vilikuwa vya polepole, na kompyuta nyingi hazikuweza kuwaka kwa CD bila kusaidiwa na diski ndogo. Kikwazo hicho cha pili kiliondolewa na kiwango kilichoitwa El Torito, kilichotolewa mwaka 1995 na kampuni za Phoenix na IBM, ambacho kiliweka utaratibu wa kompyuta kuwaka kwa CD peke yake.

Hatua iliyofuata ilihusu nafasi. Mfumo wenye mazingira ya picha, programu za ofisi na kivinjari ulizidi sana ujazo wa CD. Njia ya kuubana mfumo mzima na kuusoma ukiwa umebanwa ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, na ilipata umaarufu kupitia Knoppix, mkusanyo uliotolewa mwaka 2000 na Klaus Knopper wa Ujerumani kwa msingi wa Debian. Kwa kubana, Knoppix iliweza kuingiza takriban gigabaiti 2 za programu katika CD ya megabaiti 700. Mwaka 2005 iliingiza pia teknolojia ya kuunganisha tabaka mbili, moja isiyoandikika na nyingine ya muda. Mtumiaji sasa aliweza kuhisi kana kwamba anaandika juu ya CD yenyewe.

Kwa mtafiti wa lugha, jambo la kuzingatia katika Knoppix ni namna lugha ilivyoshughulikiwa. Taswira zake zilitolewa zikiwa na alama katika jina la faili, DE kwa Kijerumani na EN kwa Kiingereza. Aliyetaka lugha nyingine aliandika amri fupi mwanzoni, kabla mfumo haujawaka, akitaja msimbo wa lugha yake. Misimbo iliyotambuliwa ilikuwa kwa sehemu kubwa ya lugha za Ulaya, pamoja na chache za Asia. Kwa hiyo lugha ilipangwa katika ngazi tatu. Ya kwanza ni lugha iliyomo katika jina la taswira, ya pili ni lugha inayoweza kuitwa kwa amri, na ya tatu ni lugha isiyokuwapo kabisa. Ngazi hizi hazikutangazwa na yeyote kuwa sera, lakini zilifanya kazi ya sera.

4.0 Kapu la megabaiti 700

Ubuntu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, ilifikisha taswira hai kwa umma mpana zaidi. Kuanzia toleo la Juni 2006, CD hai na CD ya kusakinishia viliunganishwa: mtumiaji aliujaribu mfumo kwanza, na akiridhika aliusakinisha kutoka hapo hapo. Kati ya mwaka 2005 na 2011 Canonical iliposta CD hizo bure duniani kote, na nyingi zilifika Afrika.

Hapa kapu la megabaiti 700 lilikuwa mwamuzi. Kila kilichoongezwa kilimaanisha kingine kiondolewe. Tafsiri ziligawanywa katika vifurushi vya lugha vilivyosimama peke yao. Vichache vya lugha zenye watumiaji wengi viliingizwa ndani ya CD, na vilivyobaki viliachwa katika seva ili vipakuliwe kupitia intaneti baada ya kusakinisha. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki ya kihandisi. Matokeo yake ya kijamii yalikuwa kinyume na madhumuni ya CD za bure. CD iliposafirishwa kwa posta kwa sababu mpokeaji hakuwa na intaneti ya kutosha kupakua mfumo, mpokeaji huyo huyo ndiye aliyetakiwa kuwa na intaneti ili apate lugha yake. Mwenye lugha kubwa alifungua bahasha na kuanza kazi, ilhali mwenye lugha nyingine alipewa ahadi.

Hoja ya nafasi ilianza kulegea mwaka 2012. Ubuntu ya Oktoba mwaka huo iliachana na kikomo cha CD, na taswira yake ikapanuka hadi takriban megabaiti 800. Tangu hapo flashi za gigabaiti nyingi zimekuwa za kawaida hata katika maduka madogo. Faili la mpangilio wa lugha moja, linalobeba majina ya siku na miezi, namna ya kuandika tarehe, tarakimu na fedha, halizidi megabaiti chache. Lugha ikikosekana katika taswira ya leo, sababu yake haiwezi tena kuwa ukubwa wa kapu.

5.0 Usanidi wageuka maandishi: Debian Live

Mradi wa Debian Live ulianzishwa mwaka 2006 na Daniel Baumann, na taswira hai rasmi za kwanza za Debian zilitoka pamoja na toleo la 5.0 mwezi Februari 2009. Mchango wake mkubwa katika historia hii ni zana ya kujengea, inayojulikana leo kwa jina la live-build. Kabla yake, mtu aliyetaka taswira yake mwenyewe alizoea kuichukua ya mwingine, kuifumua, kubadilisha anachokitaka na kuibana upya. Kazi hiyo haikuacha kumbukumbu, na mjenzi akiondoka aliondoka na ujuzi wote.

Zana hii iliugeuza ujenzi kuwa hatua mbili zinazoweza kusomwa. Katika hatua ya kwanza, kwa amri ya lb config, mjenzi hutaja machaguo yake: toleo la Debian, aina ya kichakato, aina ya taswira, na maneno yatakayopitishwa kwa mfumo wakati wa kuwaka. Machaguo huhifadhiwa katika kabrasha la mafaili ya maandishi. Katika kabrasha hilo kuna mahali pa orodha za vifurushi, mahali pa mafaili ya ziada yatakayonakiliwa kama yalivyo, na mahali pa skripti ndogo za kurekebisha hili na lile. Katika hatua ya pili, kwa amri ya lb build, mashine hutekeleza yaliyoandikwa. Huandaa mfumo wa msingi, huingia ndani yake na kusakinisha vifurushi, kisha huufunga kuwa taswira inayoweza kuwaka. Mwaka 2015 mwanzilishi wake alijiondoa katika mradi, lakini zana ilipata watunzaji wengine na bado inatumika. Kabrasha la usanidi lililoandikwa vizuri humudu kuondoka kwa aliyeliandika.

Mfumo ukiwaka, sehemu nyingine iitwayo live-config huyasoma maneno ya kuwashia na kuupanga mfumo. Nyaraka zake hutaja machaguo-msingi waziwazi: lugha na eneo ni en_US.UTF-8, kibodi ni ya Marekani, na saa ni ya UTC. Mjenzi anayetaka Kiswahili cha Tanzania huandika sw_TZ.UTF-8 mahali pa lugha, hutaja kibodi ya tz, na huandika Africa/Dar_es_Salaam mahali pa saa. Ni maneno matatu yanayokaa katika mstari mmoja. Asipoyaandika, shule iliyoko Ujiji itawaka kwa Kiingereza cha Marekani, na saa itakuwa nyuma kwa saa tatu.

Lipo jambo la pili lisiloonekana kwa urahisi. Programu nyingi huria hutumia utaratibu wa tafsiri ambao, neno lisipopatikana katika lugha iliyoombwa, huonyesha neno la asili, ambalo kwa kawaida ni la Kiingereza. Mfumo haulalamiki wala hautoi taarifa ya kosa. Taswira iliyokusudiwa kuwa ya Kiswahili lakini ikakosa vifurushi vya tafsiri huwaka salama salmini. Majina ya siku huwa ya Kiswahili na menyu huwa za Kiingereza, na mkaguzi anayeangalia tu kama mashine imewaka huandika kuwa kazi imekamilika. Ukimya huo umeficha pengo la lugha kwa muda mrefu kuliko upinzani wowote wa wazi.

6.0 Kiswahili: tafsiri iliyotangulia taswira

Kiswahili hakikuchelewa kuingia katika programu huria. Mradi wa Kilinux, uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, uliandaa orodha ya istilahi na kutoa mwaka 2004 programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili chini ya jina la Jambo OpenOffice. Katika muongo huo huo Microsoft ilitoa kifurushi cha Kiswahili kwa ajili ya Windows XP. Kifurushi hicho kilipachikwa juu ya mfumo wa Kiingereza uliokwisha kusakinishwa, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa vazi la juu na Kiingereza kilibaki mwili.

Jitihada hizi zilithibitisha kwamba lugha inaweza kubeba dhana za kompyuta, na mjadala wa istilahi uliofuata, ukiwemo ule wa kompyuta na tarakilishi, ulizidi kuinoa. Lakini zilitoa programu na tafsiri, na mtumiaji alibaki na kazi ya kuzitafuta na kuzisakinisha.

Ulinganisho na Norway unasaidia. Mwaka 2001 walimu na wataalamu wa nchi hiyo walianzisha Skolelinux, mkusanyo wa shule unaotokana na Debian. Moja ya malengo yake tangu mwanzo lilikuwa kwamba shule ipate mfumo kwa Kinorwe cha aina zote mbili, Bokmål na Nynorsk, pamoja na Kisami cha Kaskazini. Walitafsiri na papo hapo wakajenga, hivyo tafsiri iliyokamilika ilikuwa na taswira ya kuingia. Debian nayo hutunza orodha ya makundi ya vifurushi kwa kila lugha, ili anayechagua lugha apate vyote vinavyohusika kwa jina moja. Katika Debian 11 ya mwaka 2021, orodha hiyo ilikuwa na Kiamhari, Kixhosa na Kisami cha Kaskazini, lugha ambayo wazungumzaji wake hawazidi makumi machache ya maelfu. Kiswahili hakikuwamo. Wingi wa wazungumzaji, ambao hutajwa katika kila hotuba kuhusu Kiswahili, hauna mahali pa kujazwa katika faili la usanidi. Panapojazwa ni jina la kundi la vifurushi ambalo mtu fulani amejitolea kulitunza.

7.0 Msimbo wa nchi na lugha isiyo na mipaka

Usanidi humlazimisha mjenzi kutaja lugha pamoja na nchi. Katika maktaba ya msingi ya lugha C inayotumiwa na Debian, Kiswahili kina mafaili mawili: sw_KE na sw_TZ. Mjenzi wa Kampala, Kigali, Bujumbura au Goma hana faili la nchi yake, hivyo akitaka Kiswahili hulazimika kuazima sarafu na anwani ya jirani. Hifadhi ya kimataifa ya data za lugha inayosimamiwa na shirika la Unicode imekwenda mbele zaidi kwa kuwa na Kiswahili cha Uganda na cha Kongo. Kuongeza mafaili yanayokosekana ni kazi ya mtaalamu mmoja wa lugha na fundi mmoja, nayo hufuata njia iliyo wazi ya kuwasilisha mchango kwa watunzaji wa maktaba.

Mafaili yaliyopo yanaonyesha kwa nini mtaalamu wa lugha anahitajika. Muundo wa faili unadai kifupisho cha kila siku ya juma. Kwa Kiingereza herufi tatu za mwanzo zinatosha. Kwa Kiswahili siku tano huanza na Juma, na herufi tatu zingezaa Jum mara tano. Waandishi wa mafaili hayo walitumia J1 kwa Jumamosi, J2 kwa Jumapili, na kuendelea hadi J5 kwa Jumatano, suluhisho linalotokana na maana ya majina yenyewe. Saa ni ngumu zaidi. Mswahili huhesabu saa kuanzia macheo, na saa moja asubuhi yake ni saa 7 ya mashine. Faili la mpangilio huweza kubadilisha majina na mfuatano wa tarakimu, lakini halina mahali pa kusogeza hesabu kwa saa sita. Hapo dhana ya Kiswahili inagongana na muundo uliobuniwa bila kuifikiria, na suluhisho lake linahitaji programu ya ziada ndani ya taswira.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Katika historia iliyoelezwa hapa, lugha ilitegemea jina la taswira wakati wa Knoppix, nafasi ya CD wakati wa Ubuntu ya mwanzo, na sasa inategemea mistari michache ya maandishi ambayo yeyote anaweza kuiandika. Kadiri vikwazo vya kiufundi vilivyopungua, ndivyo jukumu lilivyohama kutoka kwa wahandisi wa mbali kwenda kwa taasisi za kanda. Mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na vyuo vikuu, itunze kabrasha moja la wazi la usanidi wa taswira hai ya Kiswahili kwa ajili ya shule, ambalo kila nchi italichukua na kubadilisha msimbo wake. Pili, mafaili ya mpangilio wa Kiswahili cha Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo yaandikwe na kuwasilishwa kwa watunzaji wa maktaba ya msingi. Tatu, zabuni za kompyuta za shule zidai kwamba mfumo uwake kwa lugha iliyotajwa na sera ya nchi, na ukaguzi upime menyu na ujumbe wa programu, usiishie kwenye kuwaka kwa mashine. Nne, kila mradi wa tafsiri unaofadhiliwa uhesabiwe kuwa umekamilika pale tafsiri yake inapoonekana ndani ya taswira iliyojengwa.

Ufadhili wa miradi huisha na watafsiri huhamia kazi nyingine. Kinachobaki ni kilichoandikwa katika usanidi na kurithiwa na toleo linalofuata. Mahali pa lugha katika faili hilo hapabaki patupu: pasipojazwa na wenye Kiswahili, en_US.UTF-8 ipo tayari.